Skwea Haina Hasira: Uchambuzi wa Kisa cha Mama Aliyejifunza Useremala Baada ya Ndoa Kuvunjika

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye nitamwita Bi. M., aliyekuja kuonana na mnasihi miezi michache baada ya ndoa yake ya miaka 19 kuvunjwa rasmi. Kisa kimesukwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa watu wengi waliopitia hali kama yake, na lolote ambalo lingeweza kumtambulisha mtu mmoja limeondolewa. Hakuja kulalamikia talaka, kwa kuwa aliitaka mwenyewe na aliipigania. Lalamiko lake lilikuwa dogo kwa sura: kila Jumamosi watoto wanapokwenda kwa baba yao, hubaki na saa nyingi asizojua azifanyie nini, na kila anayemshauri humwambia atafute hobi.

Ushauri huo si mbaya, ila hutolewa kana kwamba anayeshauriwa amekosa tu orodha ya mambo ya kufanya. Bi. M. orodha alikuwa nayo, tena ndefu, imeandikwa kwenye simu: kushona, kuogelea, kujifunza lugha, kupiga picha, kutunza bustani. Alipoulizwa ni kipi kati ya hivyo anachokitamani, alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Wewe unaonaje?" Yote yanayofuata katika uchambuzi huu yanatokana na swali hilo.

Ndoa yenyewe

Bi. M. hakuwahi kupigwa, na kwa miaka mingi jambo hilo lilimfanya aamini kwamba hana haki ya kuiita ndoa yake ngumu. Alichokipitia ni udhibiti wa kila siku: alitakiwa kueleza alikuwa wapi na kwa nini amechelewa, simu yake ilikaguliwa, na marafiki zake walitiwa kasoro mmoja baada ya mwingine hadi wakapungua wenyewe. England na Wales ziliifanya tabia ya namna hii kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, bila kuhitaji kuwepo kwa kipigo, nami nalitaja hilo kwa sababu wapo wasomaji ambao, kama yeye, bado wanajipima kwa majeraha wasiyo nayo.

Katika udhibiti huo, lililoacha alama kubwa zaidi ni kugeukageuka kwa vipimo. Nyumba ikiwa safi aliambiwa kwamba anajali sakafu kuliko watu. Ikiwa chafu aliambiwa kwamba ni mvivu. Nguo aliyosifiwa wiki hii ilikuwa aibu wiki inayofuata. Katika miaka ya mwanzo alikuwa akichora, na mumewe alizionyesha picha hizo kwa wageni kwa fahari. Baadaye, mbele ya wageni walewale, akawa anauliza ni nani aliyemdanganya mkewe kwamba anajua kuchora. Hakumkataza kuchora. Alimfikisha mahali pa kuacha mwenyewe. Mtu anayeishi chini ya hukumu isiyotabirika hujifunza kusoma uso wa mwenzake kabla ya kufanya lolote, na kadiri anavyobobea katika kusoma uso huo ndivyo anavyopoteza uwezo wa kujua kama kitu ni kizuri kwa macho yake mwenyewe.

Mwaka 2010 watafiti Slotter, Gardner na Finkel walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba uhusiano wa kimapenzi unapovunjika, watu hupungukiwa na uwazi kuhusu wao ni nani, na kwamba upungufu huo unahusiana na uchungu wanaoupata. Kwa Bi. M. uwazi huo ulikuwa umepungua muda mrefu kabla ya talaka. Talaka ilimwondolea tu yule aliyekuwa akimwambia yeye ni nani. Ndiyo maana agizo la "tafuta unachokipenda" lilimwelemea. Kupenda kitu kunahitaji mtu aweze kusema hiki nakitaka na hiki sikitaki, bila kugeuka kuangalia ni nani aliyesimama mlangoni.

Majaribio matatu yaliyokwama

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchukua hatua, akamwandikisha katika kikundi cha kukimbia asubuhi. Bi. M. alihudhuria bila kukosa na kila mara aliwahi kufika, na alipoishiwa pumzi alijikaza ili asionekane dhaifu. Alipoulizwa kama anafurahia, alijibu kwamba dada amefurahi sana. Dada aliposafiri, kukimbia kulikoma siku hiyohiyo. Hakuna mengi ya kuchambua hapa: utiifu ulikuwa umehamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, safari hii kwa mtu mwenye nia njema.

Jaribio la pili lilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu lilionekana kama ushindi. Alirudia kuchora, akawa anaweka picha zake mtandaoni, mahali ambapo alijua kuwa mtalaka wake na jamaa zake wangeziona. Sifa zilikuja kwa wingi. Marafiki walimwambia kwamba amezaliwa upya, naye kwa wiki kadhaa aliamini hivyo, mpaka alipogundua kwamba kabla ya kuchagua rangi hujiuliza kwanza yule bwana atasemaje akiiona, na kwamba baada ya kuiweka picha hukaa usiku akiangalia ni nani aliyeitazama na ni nani aliyepita kimya. Wanasihi wengi wangeliacha jaribio hili liendelee, kwa kuwa mteja anatabasamu na kazi inaonekana. Kwa maoni yangu ndilo lililokuwa la hatari kuliko yote matatu, maana lilimrejesha hakimu yuleyule kwenye kiti chake, na tofauti ilikuwa kwamba sasa Bi. M. alidhani ndiye anayemwadhibu. Anayechora ili mtu fulani aumie bado anachora kwa ajili ya mtu huyo.

Jaribio la tatu lilikuwa daftari. Alikuwa amesikia kwamba kuyaandika ya moyoni kunaponya, na ni kweli kwamba uandishi wa hisia umechunguzwa sana tangu miaka ya 1980 na umewasaidia watu wengi. Hata hivyo utafiti ulioongozwa na David Sbarra, uliochapishwa mwaka 2013 na kuwahusu watu waliotengana na wenzi wao karibuni, ulikuta jambo ambalo wanaoshauri wangefaa kulijua: kwa wale waliokuwa wamezama katika kutafuta maana ya yaliyowapata, kuandika kwa kina juu ya hisia zao kulikwamisha nafuu, ilhali wenzao wa tabia hiyohiyo walioandika tu mambo ya kawaida waliyoyafanya siku hiyo walikuwa na hali bora zaidi baada ya miezi kadhaa. Daftari la Bi. M. lilijaa mazungumzo ya zamani aliyoyaandika neno kwa neno, kisha akayaandika tena na majibu ambayo angepaswa kutoa. Alikuwa akiamka usiku kuongeza jibu. Yeye na mnasihi walikubaliana aliweke kando, si kwa sababu kuandika ni kubaya, bali kwa sababu kwake kalamu ilikuwa njia nyingine ya kuzungusha wazo lilelile kichwani.

Inafaa kuongeza kwamba katika kipindi hicho alikuwa amechoka, na uchovu huo ulitafsiriwa na jamaa kama kukosa nia. Holmes na Rahe, katika kipimo chao cha mwaka 1967 chenye matukio 43 ya maisha yanayomlazimu mtu kujirekebisha, waliipa talaka alama 73, ikiwa ya pili baada ya kifo cha mwenzi chenye alama 100. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba badiliko la burudani nalo limo katika orodha hiyo, likiwa na alama 19. Kipimo hicho kina mapungufu yake na kimekosolewa kwa haki, lakini kinakumbusha kwamba hobi mpya huja ikiwa mzigo kabla ya kuwa nafuu: kuna sura mpya za watu, ratiba mpya, na aibu ya kutokujua. Anayempa mtu aliyevunjika shughuli tatu kwa mfululizo anamwongezea mizigo mitatu.

Karakana

Useremala haukuwemo katika orodha ya kwenye simu, nao uliingia kwa njia ya kero. Nyumba aliyohamia haikuwa na rafu, fundi aliyeagizwa alichelewa, na alipofika Bi. M. alikaa karibu naye muda wote akiuliza maswali: kwa nini unakwaruza mstari kwa kisu badala ya kuchora kwa penseli, kwa nini unakata pembeni mwa mstari na si juu yake. Fundi alimweleza kwamba alama ya kisu ni nyembamba kuliko ya penseli na huipa patasi mahali pa kukaa, na kwamba msumeno una unene wake, hivyo ukikata juu ya mstari unakula sehemu ya kipimo chako; hukatwa upande wa mabaki. Aliposimulia hayo wiki iliyofuata, alisimulia kwa haraka na kwa mikono, na hakuuliza hata mara moja kama yanavutia. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mnasihi kumwona akiwa na hamu iliyotoka kwake mwenyewe.

Alijiandikisha katika mafunzo ya mwisho wa wiki. Hakuwa na furaha yoyote alipoanza, na jambo hilo lilimtia wasiwasi, kwa kuwa alifikiri mtu hupaswa kusubiri moyo utulie kwanza ndipo aanze. Mpangilio wa kinyume una ushahidi wake. Mwaka 1996 kundi la watafiti lililoongozwa na Neil Jacobson lilitenganisha sehemu za tiba moja ya sonona inayotumika sana, likakuta kwamba watu waliosaidiwa tu kuongeza shughuli katika maisha yao walipata nafuu sawa na waliopewa tiba nzima iliyohusisha pia kurekebisha fikra. Bi. M. hakuambiwa asubiri kutaka. Aliambiwa aende, arudi, na aeleze nini kilitokea, hata kama alichukia kila dakika.

Mwalimu wao alikuwa fundi wa kike, mdogo kwake kwa miaka mingi, na msemaji sana. Katika majuma ya mwanzo Bi. M. aliomba radhi kwa kila kitu: kwa kukata vibaya, kwa kukata vizuri lakini polepole, kwa kushika randa ambayo mwenzake huenda angeihitaji. Kila alipomaliza kipande alikipeleka kwa mwalimu na kuukodolea macho uso wake. Siku moja mwalimu alikataa kukipokea. "Usiniombe mimi radhi, mama," alimwambia. "Weka skwea."

Skwea, kwa asiyeijua, ni kile kipimo cha fundi chenye mikono miwili inayokutana kwa pembe ya nyuzi 90. Unaibana kwenye ukingo wa mbao, unaiinua mbele ya mwanga, na mwanga ukipenya kati ya chuma na mbao basi pembe haijakaa sawa, na unaona ni upande upi na kwa kiasi gani. Kipande kilichokosea asubuhi kitaonekana kimekosea jioni. Kilichokaa sawa kitabaki sawa hata kama aliyekikata ni mtu asiyependwa, na hata kama mwalimu ameamka vibaya. Bi. M. alieleza kwamba siku hiyo alirudia kupima kipande kilekile mara nyingi, akisubiri jibu libadilike.

Halikubadilika. Kwa mtu aliyetoka katika nyumba ambamo jibu lilibadilika kila siku, hili lilikuwa jambo kubwa, na ndilo ninaloliona kuwa sababu ya useremala kushika pale ambapo mengine yote yaliteleza. Haikuwa mbao kwa sababu mbao zina uchawi, wala kwa sababu kazi za mikono zinatuliza, ingawa huenda zinatuliza. Ni kwa sababu hukumu ilitoka kwenye kitu chenyewe. Kwenye kukimbia hukumu ilikuwa ya dada. Kwenye picha ilikuwa ya mtalaka. Kwenye daftari ilikuwa ya sauti ya mtalaka iliyobaki kichwani. Kwenye karakana hakukuwa na uso wa kusoma.

Kilichofuata kina maana zaidi, na kwa bahati mbaya masimulizi mengi ya namna hii huishia kabla ya kukifikia. Wiki chache baadaye mwalimu aliwafundisha namna ya kuipima skwea yenyewe. Unaiegemeza kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, unachora mstari. Kisha unaigeuza upande wa pili na kuchora mstari mwingine kuanzia nukta ileile. Mistari ikilaliana, skwea ni ya kuaminika. Ikiachana, skwea ndiyo mbovu, na kosa lake ni nusu ya pengo unaloliona. Bi. M. alipima skwea zote zilizokuwa ukutani, akakuta moja iliyopinda. Alipokuja kuonana na mnasihi hakuzungumza lingine. Kwa miaka 19 alikuwa amepimwa kwa kipimo ambacho hakuwahi kufikiria kwamba nacho kinaweza kupimwa. Kila pengo alilihesabu kuwa kosa la mbao. Mnasihi hakumtafsiria lolote, naye alifanya vyema, kwa kuwa Bi. M. alikuwa ameshaitafsiri mwenyewe njiani.

Kazi yake ya kwanza kukamilika ilikuwa fremu ya pande nne, na hapo alijifunza hila nyingine ya mafundi: ikiwa pande zinazokabiliana zinalingana, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, kisha pima mshazari wa pili, na vipimo hivyo viwili vikilingana basi fremu imekaa sawa yote. Ya pili ilikuwa stuli ya miguu mitatu, iliyochaguliwa na mwalimu kwa sababu miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Ilikuwa mbaya kwa sura. Aliiweka sebuleni na hakuipiga picha.

Mbao iliyoharibika

Haikwenda kwa mstari mmoja. Katika mwezi wa nne hivi alikata ubao mzuri, wa gharama kuliko aliouzoea, akiwa amesoma kipimo vibaya, na ubao wote ukawa mfupi. Hakusema kitu, akafagia, akaondoka, na hakurudi karakana kwa majuma kadhaa. Akieleza baadaye, alisema kwamba hakusikia sauti ya mwalimu wala ya wanafunzi wenzake. Alimsikia mtalaka wake, tena kwa maneno kamili.

Hapo palikuwa na vishawishi viwili kwa upande wa msaada. Cha kwanza ni kumhimiza arudi mara moja kabla ari haijafa. Cha pili ni kukubali kwamba hobi hii nayo imeshindikana na kurudi kwenye orodha. Vyote viwili vinadhani kwamba pengo ni kushindwa. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010 na kuwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea madogo ya kila siku, ulikuta kwamba muda wa zoea kukomaa ulitofautiana mno, kutoka siku 18 hadi 254, na kwamba kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi cha maana. Hobi si zoea la kila siku, na majuma kadhaa si siku moja, kwa hiyo sichukui takwimu hizo kama kipimo cha kisa hiki. Ninachokichukua ni tahadhari dhidi ya kuhesabu siku zilizokosekana kana kwamba ni alama za mtihani.

Aliporudi, mwalimu alikuwa ameuhifadhi ule ubao. Alimwambia kwamba mbao fupi hutosha droo. Bi. M. alikasirika kidogo, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa karipio na hakujua aipeleke wapi ile hofu aliyoibeba. Nadhani siku hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko vikao kadhaa vya unasihi, ingawa haikufurahisha mtu yeyote.

Sifa, maombi na vumbi

Mwaka ulipokaribia kwisha, kazi zake zilianza kuwa nzuri kweli, na watu wakaanza kumwomba awatengenezee meza na rafu kwa malipo. Familia ilifurahi, waliona kwamba hatimaye kuna faida. Yeye alisita, na kusita huko kulichukuliwa na wengi kuwa ni woga wa zamani.

Ninaona vinginevyo. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett waliwachunguza watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa zawadi kwa kuchora, na wakapewa, baadaye walichora kwa hiari yao kwa takriban nusu tu ya muda waliochora wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa zawadi bila kuitarajia hawakupoteza hamu. Malipo yaliyojulikana mapema yaligeuza mchezo kuwa kazi. Bi. M. si mtoto, na kuna watu wengi wanaotoka katika ndoa wakiwa hawana kitu, ambao kwao kipato ni suala la kuishi na mjadala huu ni anasa. Yeye alikuwa na kazi iliyomtosha. Kwake, kupokea oda kungemaanisha kumrudisha mtu mwenye uso, mwenye tarehe, na mwenye haki ya kubadili mawazo kuhusu rangi. Aliamua kwamba atatengeneza kwa ajili ya nyumba yake na kutoa zawadi pale atakapopenda, bila kuahidi mapema. Cha kuzingatia katika uchambuzi ni kwamba alikataa watu anaowapenda, kwa sentensi fupi, na hakutoa sababu zaidi ya moja.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka kwa mtalaka. Alipojua kwamba kuna meza ya kazi nyumbani, alimwandikia ujumbe mrefu: kwamba vumbi la mbao ni sumu, kwamba visu na misumeno haviendani na watoto, kwamba mama wa umri wake anajifanya kijana, na kwamba atalifikisha suala hilo kwa wanaosimamia mpango wa malezi. Zamani ujumbe wa namna hiyo ungemfanya afute kila kitu usiku uleule.

Alikuja nao kwenye kikao ukiwa umechapishwa, na amepiga mistari. Madai mawili ya mwanzo aliyatenga, kwa sababu yana ukweli. Vumbi la mbao liliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1995. Na patasi iliyonolewa vizuri hukata nyama kwa urahisi kuliko mbao. Kwa hiyo alihamishia kupiga msasa nje ya nyumba, akawa anavaa barakoa inayofaa, akawa anafagia kwa kitambaa chenye maji badala ya kupeperusha vumbi, na zana zote zikaingia katika kabati lenye kufuli. Dai la tatu, la umri, aliliacha bila jibu. La nne alilijibu kwa mistari miwili iliyotaja hatua alizochukua.

Kama ningeombwa kutaja ushahidi mmoja wa kwamba hobi hii ilifanya kitu zaidi ya kujaza Jumamosi, ningeutaja ujumbe huo wenye mistari, wala si rafu. Aliweza kuyatenga yaliyo kweli katika maneno ya mtu aliyemwumiza, akayafanyia kazi, bila kumeza hukumu iliyofungwa pamoja nayo. Katika ndoa alikuwa na njia mbili tu, kukubali yote au kupigania yote.

Ambayo hayakubadilika

Hobi haikumrudishia usingizi; hilo lilihitaji msaada wa daktari na liliboreka taratibu. Haikuondoa upweke wa jioni, kwa kuwa karakana hufungwa na wanafunzi wenzake wana familia zao, na urafiki alioupata humo, ingawa ni wa kweli, ni wa kuzungumzia mbao zaidi kuliko mambo ya moyoni. Bado hushtuka simu inapoita usiku. Hajamsamehe mtalaka wake na hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Wanaoandika juu ya hobi baada ya talaka hupenda kuipa kazi ya tiba, ya urafiki na ya mapenzi mapya kwa pamoja, kisha mtu akibaki na huzuni huona kwamba ameichagua vibaya.

Pia kuna jambo ambalo skwea haiwezi kumpa, nalo limeanza kujitokeza. Bi. M. anataka kutengeneza kiti. Kiti kina pembe chache sana za nyuzi 90: mgongo huegemea nyuma, miguu ya nyuma hufuata mkunjo, kikalio huwa kipana mbele kuliko nyuma. Kuna kipimo cha pembe kinachokunjwa kwa ajili ya kazi hiyo, lakini hicho huhamisha tu pembe uliyokwisha kuichagua; hakikwambii ipi ni nzuri. Hapo fundi hukaa, huangalia, huamua. Amechora umbo la ubavu wa kiti kwa ukubwa wake kamili kwenye kipande cha ubao mwembamba, akafuta mwinamo wa mgongo na kuuchora upya mara kadhaa, na katika kikao cha mwisho alikuja na mchoro huo akauegemeza ukutani. Mnasihi aliusifu, kisha akamuuliza ni mwinamo upi atauchagua. Alisema bado hajaamua, na kwamba ataamua akishaukalia ule wa majaribio uliotengenezwa kwa mbao za mabaki. Hakuuliza wengine wanaonaje. Vikao vimepunguzwa hadi kimoja kila baada ya miezi miwili, kwa ombi lake, kwa sababu vinaangukia Jumamosi.